Grafiksi kadi ya laptopu inabadilishika kweli, au fundi anataka kunipiga?

#1 Mwana_Loleza
Wakuu habari za jioni. Nipo Mbeya mjini, kazi yangu kushuti na kuediti video za harusi, sendofu, kipaimara. Mashine yangu ni Lenovo ThinkPad T480, i5 ya kizazi cha 8, ramu GB 8, esesidi 256, grafiksi ni hiyohiyo ya Intel UHD 620. Miaka miwili tumeenda vizuri tu, shida imeanza nilipobadilisha kamera. Sasa nashuti 4K, nikipanga klipu tatu kwenye Premiere (programu ya kuediti) na kugusa rangi kidogo picha inaganda sauti inaendelea, MC anaongea bibi harusi kasimama kama sanamu. Kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, saa moja ya video ni usiku mzima, umeme ukikata saa nane betri haifiki asubuhi, naanza upya.

Fundi mmoja Mwanjelwa kaniambia nimwachie mashine siku mbili na laki tatu na nusu, ataniwekea grafiksi ya GB 4. Ningemkatalia, ila rafiki yangu ana T480 kama yangu, kampelekea fundi huyohuyo mwezi uliopita na imerudi inakimbia, na nimeona kwa macho yangu imeandikwa GB 4. Swali langu, grafiksi ya laptopu inabadilishika? Na kama inabadilishika, inalipa? Jumamosi nina harusi Uyole na hela yenyewe ndio hiyo tu.

#2 Kihesa_Boy
Haiwezekani mkuu. Hiyo UHD 620 sio kadi, ni sehemu ya prosesa yenyewe, na prosesa ya T480 imechomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu). Hakuna cha kuchomoa wala pa kuchomeka. Linda laki tatu zako.

#3 Mkinga_Makete
Kamwene wote. Natega sikio, na mimi nina shida hiyohiyo ila yangu ni ya gemu.

#4 Binti_Makambako
Kihesa_Boy uko sahihi kwa T480 ila usiseme haiwezekani ukaishia hapo, mtu mwenye mashine ya kazi nzito atasoma akate tamaa bure. Zipo laptopu zenye grafiksi ya kuchomoa. Soketi yake inaitwa MXM, Nvidia, kampuni ya grafiksi, waliianzisha 2004, na utaikuta kwenye mashine nene za kihandisi kama Dell Precision M4800 na M6800, HP EliteBook 8570w, HP ZBook za mwanzo, na baadhi ya MSI na Clevo.

Mimi nina M4800, naitumia kuchora ramani za majengo. Ilikuja na Quadro K1100M nikaweka K2100M. Kadi niliagiza China, nilisubiri karibu wiki sita, nikafungua mwenyewe mezani kwangu hapa Makambako. Skrubu za hitisinki (chuma cha kupoza chipu), kusafisha pesti ya zamani ya kupitisha joto, kubadilisha vile vipande laini vinavyokaa juu ya memori, nikafunga. Iliwaka mara ya kwanza nikapiga vigelegele peke yangu. Lakini nilichagua kadi ambayo Dell wenyewe waliiuza ndani ya M4800, ndio maana haikuleta maneno. Kaka yangu alijilipua na kadi kubwa ambayo haikuwahi kuuzwa na mashine yake, feni inazunguka, kioo cheusi mpaka leo.

Ila Mwana_Loleza, nakuambia ukweli, kutoka K1100M kwenda K2100M ni kama kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Kama nisingeipata kwa bei ya chini nisingehangaika.

#5 Mzee_wa_Risasi
Vijana hamjambo. Nimechomelea redio, TV na sasa hizi kompyuta, nina miaka mingi kwenye risasi.

Chipu ya grafiksi haina miguu ya kuonekana. Chini yake kuna vitone vya risasi vingi sana, vidogo kama punje za ulezi, na ndivyo vinavyoishika kwenye bodi. Kuitoa kwa mashine ya joto, kupanga vitone upya na kurudisha chipu ya namba ileile, hiyo kazi ipo na mimi nimeifanya. Kupandisha daraja ni kitu kingine, chipu kubwa inataka memori zake pembeni, njia za umeme zinazoibeba, baiosi (programu inayowasha mashine) inayoitambua. Na kwa bodi ya huyu kijana hata mahali pa kuiweka hakuna.

Msichanganye pia na wale wa kupiga bloa. Ile ilienea kwa sababu ya chipu za Nvidia za laptopu zilizokuwa zinakufa, 2008 kampuni yenyewe ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya tatizo hilo. Fundi anaipasha joto, picha inarudi, mteja anafurahi, baada ya muda inakufa tena. Hakuna bloa inayoongeza nguvu ya grafiksi.

#6 Kihesa_Boy
Shikamoo mzee. Na Binti_Makambako nimekubali, nilipaswa kusema "kwa T480 haiwezekani".

#7 Mzee_wa_Risasi
Marahaba.

#8 Iyunga_Koda
Ngoja nieleze hiyo GB 4 ya rafiki yako maana naona kama naijua. Windows inaruhusu grafiksi ya ndani kuazima ramu ya mashine mpaka nusu. Ukiwa na ramu GB 8, Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya mashine) itakuandikia memori ya kushea 3.9, watu wanaisoma 4. Ukiwa na 16 itaandika 7.9. Kwa hiyo nauliza, rafiki yako kabla ya kwenda kwa fundi alikuwa na ramu ngapi? Kama alikuwa na 4 akarudi na 8, basi kilichoongezwa ni ramu, na mashine ya GB 4 ikipata 8 lazima ikimbie, hapo hakuna muujiza wala kadi.

#9 Mnyalu_Halisi
Iyunga_Koda umegusa kidonda changu. Mimi nilipigwa hapa Iringa, fundi simtaji. Nilimpa laki mbili aniwekee grafiksi ya kuchezea gemu, laptopu imerudi na stika ya Nvidia imebandikwa pale mkono unapokaa, na ukiangalia sifa za kioo imeandikwa memori maalum MB 2048. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Gemu lililokuwa linakataa kufunguka likafunguka kweli, ila linaenda picha moja moja kama slaidi za kanisani. Kijana mmoja wa chuo ndio akanionyesha kuwa kuna namba imeandikwa kwenye rejista ya Windows, ya kudanganya gemu zinazouliza memori kabla ya kuwaka. Haiongezi hata chembe. Iliniuma sana kwa sababu hela ile ilikuwa ya mbolea, nilimwambia mama nitarudisha.

Kwa hiyo Mwana_Loleza mimi nasema ya rafiki yako ni namba ya rejista.

#10 Mwana_Loleza
Pole sana mnyalu. Ila sikiliza, ya rafiki yangu haijaandikwa tu, inafanya kazi. Tumekaa pamoja, klipu zilezile za kamera yangu kwenye mashine yangu zinaganda kwake zinateremka. Namba ya kudanganya haiwezi kufanya hivyo. Kuhusu ramu anasema alikuwa na 8 toka mwanzo na bado ana 8.

#11 Tunduma_Spea
Mnazunguka. T480 ilitoka kwa matoleo mawili, moja lina Intel peke yake, lingine lina Intel pamoja na Nvidia MX150. Bodi ni tofauti ila zinaingia kwenye kava moja, unabadilisha bodi na hitisinki basi. Mimi nauza spea na nimeshauza bodi hizo. Fundi hajabadilisha kadi, kabadilisha mazabodi nzima. Laki tatu na nusu kwa bodi ya mtumba na kazi inaeleweka kabisa, wala huyo fundi sio tapeli.

#12 Iyunga_Koda
Hiyo nayo ina akili ila MX150 ya T480 ni GB 2, sio 4. Hiyo 4 inatoka wapi?

#13 Tunduma_Spea
Watu wanajumlisha ya kadi na ya kushea, au fundi kasema 4 kwa sababu mteja anapenda kusikia 4. Kwenye biashara nayaona hayo kila siku.

#14 Iyunga_Koda
Sawa, lakini hata ikiwa MX150, kwa kazi ya Mwana_Loleza mbona haitibu ugonjwa? Chipu ya MX150 haina ile sehemu ya kuenkodi video ambayo Nvidia kubwa zinayo. Ukirenda, kazi ya kufunga faili inarudi kwa Intel palepale. Na MX150 zenyewe zipo za aina mbili, ya wati 25 na ya wati 10, jina moja nguvu tofauti, ukinunua bila kuangalia unaweza kuletewa ile dhaifu.

#15 Mafinga_Mbao
Ndugu uza hiyo T480, ongeza hela kidogo, nunua dekstopu. Nilinunua mnara wa Dell OptiPlex uliotumika nikaweka GTX 1050 Ti ya GB 4. Hiyo kadi inakula wati 75, inachukua umeme kwenye soketi yake ya bodi bila waya wa ziada kwa hiyo haihitaji pawasaplai kubwa. Angalia tu usichukue ule mwembamba wa kulala, kadi ndefu haiingii, inabidi utafute ile fupi. Kuanzia hapo kubadilisha grafiksi ni skrubu moja na dakika tano, unafanya maisha yako yote. Laptopu ukishainunua umeoana nayo.

#16 Dada_wa_Songea
Mafinga_Mbao dekstopu umeisema vizuri ila huyu anafuata harusi. Mimi naediti pia, kuna siku bwana harusi anataka klipu ya kanisani ionyeshwe ukumbini jioni ileile. Utabeba mnara na monita kwenye kosta? Na umeme ukikatika bila yupiesi umepoteza kazi.

Mwana_Loleza mdogo wangu naomba unijibu kitu kimoja ambacho wote wamekiruka. Kamera yako mpya inarekodi kwa mfumo gani? Ni biti 8 au biti 10? Ni 4:2:0 au 4:2:2? Yaani inahifadhi rangi kwa wingi gani.

#17 Mwana_Loleza
Dada nimeangalia, H.264, 4:2:2 biti 10. Niliambiwa ndio yenye rangi nzuri nikaiacha hapo.

#18 Dada_wa_Songea
Basi ugonjwa wako mmojawapo ni huo. Grafiksi ya Intel yako ina sehemu inayoitwa Quick Sync, inafungua H.264 na H.265 za kawaida bila kuumiza prosesa. Lakini H.264 ya 4:2:2 biti 10 haiifungui, mzigo wote unaangukia prosesa. Na usidhani ni Intel yako tu, hata kadi za Nvidia za bei ya kutisha miaka yote zilikuwa haziifungui, mpaka hizi za mfululizo wa RTX 50 za mwaka 2025. Ungeweka hiyo MX150 ungekuta klipu inaganda vilevile na laki tatu imekwenda.

Fanya hivi. Kwenye harusi ya Jumamosi weka 4:2:0 biti 8, mwanga uweke vizuri toka kwenye kamera ili usije ukahangaika na rangi baadaye. Kwa zile ulizoshashuti, tengeneza proksi kwenye Premiere, yaani nakala ndogo nyepesi, iache itengeneze ukiwa umelala, asubuhi unaediti kwa nakala ndogo halafu wakati wa kutoa inachukua zile kubwa yenyewe. Na ukitoa, kwenye performansi chagua hadiwea sio softiwea. Niliediti hivyo miaka mitatu kwa mashine dhaifu kuliko hiyo yako na hakuna bibi harusi aliyerudisha video.

#19 Mwakaleli_Tii
Mugonile. Hakuna aliyetaja grafiksi ya nje? T480 ina tundu la Thunderbolt 3, lile la USB-C. Unanunua boksi lenye pawasaplai, unaweka ndani kadi ya dekstopu, waya mmoja unaingia kwenye laptopu. Ukienda harusini unachomoa unaondoka, ukirudi unachomeka. Teknolojia ipo toka 2015.

#20 Kihesa_Boy
Boksi tupu bila kadi ni bei ya T480 nyingine mkuu. Halafu waya huo ni mlango mwembamba ukilinganisha na soketi ya dekstopu, kadi haifiki nguvu yake yote, na ukirudisha picha kwenye kioo cha laptopu badala ya monita inapungua zaidi.

#21 Mwakaleli_Tii
Boksi sio lazima, zipo bodi tupu za kichina za bei nafuu, hata za kuchomeka kwenye nafasi ya esesidi ya M.2. Kupungua inapungua lakini bado ni mbali na UHD 620, wala haifanani.

#22 Mkinga_Makete
Kwenye nafasi ya esesidi halafu esesidi ikae wapi jamani 😂

#23 Mwakaleli_Tii
Inategemea mashine, nyingine zina nafasi mbili. Makete msicheke, nyie laptopu zenu hazihitaji hata feni kwa baridi hiyo.

#24 Mkinga_Makete
Hilo nalitetea. Mwezi wa saba laptopu yangu inacheza gemu saa nne feni haisikiki, nikishuka nayo Kyela kwa shangazi inapiga kelele kama mashine ya kukoboa na gemu linaanza kukwama. Mashine ileile. Kwa hiyo labda rafiki wa Mwana_Loleza kasafishiwa vumbi na kuwekewa pesti mpya tu, prosesa ikipoa haipunguzi mwendo, unaona kama imewekewa kitu.

#25 Kihesa_Boy
Baridi inasaidia ila juu huku hewa ni nyepesi, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Usiseme feni haina kazi. Vumbi la kiangazi la huku ndio linaua.

#26 Mzee_wa_Risasi
Mkinga ana hoja. Laptopu ikija kwangu inasuasua, kitu cha kwanza ni kuifungua na kusafisha. Nimetoa blanketi la vumbi kwenye hitisinki mara nyingi. Wateja wengine hawaamini kuwa sijaweka kifaa.

#27 Mwana_Loleza
Nimerudi na majibu. Rafiki kanitumia picha. Task Manager ina grafiksi moja tu, Intel UHD 620, maalum MB 128, kushea 3.9. Ramu 8 ila sasa imeandika nafasi 2 kati ya 2 zimetumika.

#28 Iyunga_Koda
Nilisema! Hakuna Nvidia. Na umeona nafasi mbili? Alikuwa na kijiti kimoja cha 8, sasa ana viwili vya 4. Grafiksi ya ndani inategemea sana ramu, vijiti viwili vinafanya kazi kwa pamoja njia zinakuwa mbili, hapo gemu na video vinapanda kwa kuonekana kabisa. Fundi kamchukulia kijiti cha 8 kampa viwili vya 4.

#29 Mnyalu_Halisi
Kwa laki tatu na nusu! Jamani.

#30 Tunduma_Spea
Taratibu. Mwambie aangalie namba ya seriali ndani ya baiosi alinganishe na stika ya chini ya laptopu.

#31 Mwana_Loleza
Nimempigia. Hazifanani.

#32 Tunduma_Spea
Basi bodi imebadilishwa, nimewaambia toka #11. Bodi mpya imeingia na Nvidia ipo, ila draiva (programu ya kuiendesha) haijawekwa ndio maana Task Manager haiionyeshi. Aangalie Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows) kama kuna pembetatu ya njano.

#33 Iyunga_Koda
Au bodi ilikuwa imebadilishwa kabla hajainunua. T480 karibu zote hapa tumenunua zimetumika nje, nani anajua huko zilipitia mikono gani. Seriali kutofanana haithibitishi fundi wa Mwanjelwa kafanya kitu. Na kama Nvidia haina draiva basi haijafanya kazi yoyote, kasi imetoka kwenye ramu.

#34 Dada_wa_Songea
Na mimi niulize, rafiki ana toleo gani la Premiere? Fundi akiweka Windows upya na draiva mpya ya Intel, Quick Sync inayokuwa imezimika inawaka. Hiyo peke yake inaweza kuwa ndio siri.

#35 Binti_Makambako
Hiyo haielezi klipu za kamera ya Mwana_Loleza dada, maana umesema mwenyewe za 4:2:2 Quick Sync haizigusi na kwa rafiki zinateremka.

#36 Dada_wa_Songea
Kweli kabisa, hapo umenikamata. Labda yeye tayari alitengeneza proksi bila kujua, kuna mpangilio wa kutengeneza zenyewe klipu zikiingia. Sijui, lakini kitu kimoja ni hakika, T480 mbili zenye UHD 620 hazitakiwi kutofautiana hivyo.

#37 Mkinga_Makete
i5 na i7?

#38 Mwana_Loleza
Wote i5. Device Manager hajaangalia, amepanda gari kwenda Chunya kuna ubatizo, mtandao unakuja na kuondoka.

Mimi kwa fundi sijaenda. Nimenunua kijiti cha GB 8 nimekiweka mwenyewe, sasa ni 16 kwa njia mbili. Harusi ya Uyole nimeshuti 4:2:0 kama dada alivyoelekeza na zile za zamani nimetengeneza proksi. Naediti bila kuganda, na kutoa video ya saa moja sasa nalala saa tano nikiamka saa tisa imeisha. Ndaga fijo dada, na wote. Hela iliyobaki ninaiangalia ile dekstopu ya Mafinga_Mbao kwa jicho la pembeni.

#39 Mafinga_Mbao
Karibu piemu.

#40 Iyunga_Koda
Kwa wanaopenda laptopu ya kubadilishika kweli, kuna Framework Laptop 16, grafiksi yake inakaa nyuma kama droo, unaitoa kwa bisibisi. Ilianza 2024 na Radeon RX 7700S, 2025 wakaleta RTX 5070 inayoingia kwenye laptopu ileile ya zamani. Natamani hizi zianze kufika huku zikiwa zimetumika.

#41 Tunduma_Spea
Zikifika nitakuwa nazo. Mwana_Loleza usisahau pembetatu ya njano.

#42 Mzee_wa_Risasi
Kijana, mwambie mwenzio akitoka Chunya asiifungue mwenyewe kwa haraka ya kuwajibu humu. T480 ina betri mbili, ya nje inachomoka, ya ndani inabaki na umeme. Aingie baiosi kwanza aizime ya ndani, ndipo atoe skrubu. Akishafungua apige picha hitisinki kabla hajagusa kitu, kama bomba la shaba linafunika chipu moja au mbili tutaona hapohapo.

#43 Mwana_Loleza
Nimemtumia mzee. Ujumbe una tiki moja.